Anayepiga Mstari

Seremala huyu aliitwa Kipimo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukipita karakanani kwake ukamwita kwa jina la kwenye kitambulisho, angeendelea kupiga randa kana kwamba anaitwa jirani. Ukisema "Kipimo!" kichwa kinainuka hapo hapo. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mrefu, penseli sikioni hata siku za mapumziko, na alikuwa na sentensi moja ambayo kila mteja aliisikia kabla hajaambiwa kazi itakamilika lini: "Tangu nianze kazi hii, sijakata ubao ukapungua." Mkewe, ambaye alikuwa ameisikia kwa miaka ishirini na minane, alikuwa akiimalizia kwa niaba yake kutoka jikoni, anakoroga sufuria, wala hageuki.

Kipimo alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, wamepishana miaka minne. Huyo aliitwa Kumi. Alifanya kazi hospitalini, kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa: kutoka wodini hadi chumba cha kupigia picha, kutoka chumba cha upasuaji hadi wodini. "Kazi isiyotaka sentimita," mwenyewe alipenda kusema, na watu wakacheka, kwa sababu habari ya sentimita za Kumi kila mtu wa ukoo ule aliijua. Wakwe waliijua. Watoto waliijua kabla ya kujua jedwali la kuzidisha.

Habari yenyewe ni hii. Baba yao alikuwa seremala, tena seremala mkali, na karakana ile ilikuwa yake. Alikuwa na ubao mmoja mpana wa mti mgumu, hauna fundo hata moja, ameuanika miaka kumi na moja juu ya dari akisubiri kazi inayostahili. Kazi ikaja: kaunta ya maktaba, ubao mmoja usiounganishwa, urefu wa mita mbili na sentimita arobaini. Mzee akawaachia wanawe wawili waukate, akaenda zake kutafuta gundi. Aliporudi, ubao ulikuwa umekatwa. Ulikuwa na mita mbili na thelathini.

Sasa, nguo ikipungua mshonaji ataongeza kitambaa. Mchuzi ukipungua mpishi ataongeza maji na kunyamaza. Ubao hauongezwi. Mzee alisimama akautazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali la karakana ile. Hakuuliza nani amekata. Pale kwao palikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ilisema: anayepiga mstari ndiye anayejibu. Msumeno hufuata tu. Kwa hiyo kila mmoja alipopiga mstari wa penseli aliweka alama yake pembeni. Mzee alichora duara, mwanawe mkubwa alichora mshale, mdogo alichora vistari viwili. Lakini siku ile alama ilikuwa imebaki kwenye kipande kilichoangukia maranda, na hakuna aliyekiinua.

"Nani kapiga mstari?" mzee aliuliza.

"Mstari ni wake," Kipimo alisema, akimwonyesha mdogo wake. "Mimi nilikuwa nje, nanoa patasi."

Mdogo wake, miaka kumi na tisa, msumeno bado uko mkononi, alifungua mdomo na kuufunga. Mzee akamnyang'anya ule msumeno, akautundika kwenye msumari wake. Hakupiga kelele. Alisema, "Wewe huna mkono. Katafute kazi nyingine." Basi, ikawa hivyo. Kazi nyingine ilipatikana, jina la Kumi likapatikana pamoja nayo, na karakana ikaja kuwa ya Kipimo mzee alipofariki.

Hivyo ndivyo habari ilivyosimuliwa, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ukoo unapokutana nyumbani kwa mama. Na ajabu ni kwamba msimulizi bora hakuwa Kipimo. Alikuwa Kumi mwenyewe. Alisimama katikati ya chumba, akajishika kiuno kama mzee, akakunja uso, akaigiza namna alivyopima huku akiwaza mechi ya jioni, namna penseli ilivyokatika ncha, namna alivyokisia. Kila mwaka aliongeza kidogo. Watoto waligaragara kwa kicheko. Mwanawe mmoja alipowahi kumwomba amtengenezee kigoda, Kumi alimwambia, "Nenda kwa baba yako mkubwa. Upande huu wa ukoo hatuna mkono," na mtoto naye akaenda shuleni akayasema hayo hayo kwa furaha. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Miaka thelathini na moja ilipita hivyo. Kisha mchwa wakaingia kwenye kabati la mama.

Lilikuwa kabati la nguo ambalo mzee alilitengeneza kwa mabaki ya ule ule ubao, kwa sababu ubao mzuri hautupwi hata ukikutia hasira. Mchwa walikula mgongo wa kabati, ambao ulikuwa wa mbao laini, wakaziogopa rafu. Kipimo alilipeleka karakanani siku ya Jumatano, akatoa nguo za mama, akazifunga kwenye shuka, akaanza kulifungua skrubu moja baada ya nyingine. Alifanya kazi akiimba. Rafu ya chini ndiyo iliyokuwa pana kuliko zote. Aliichomoa, akaigeuza apanguse vumbi.

Upande wa chini haukuwa umepigwa randa. Kwenye ukingo wake mmoja palikuwa na mstari wa penseli, na pembeni mwa mstari palikuwa na tarakimu, 240, na pembeni mwa tarakimu palikuwa na mshale.

Aliupangusa kwa kidole akidhani ni mkwaruzo. Haukuwa mkwaruzo. Ulikuwa mshale wake, na mkia umepinda kulia kama alivyoupinda maisha yake yote, kama alivyoupinda juzi kwenye mlango wa mteja. Hata ile nne ilikuwa yake, isiyofungwa juu.

Hapa lazima niseme jambo, na nitalisema kwa hasira kidogo, maana nami niliicheka habari ile kama wengine. Kipimo tangu ujana ana mazoea yake ya kupima. Haanzii kwenye ncha ya tepu, kwa sababu kile kijichuma cha mwanzo hulegea na kudanganya. Huanzia kwenye kumi, kisha mwishoni hujumlisha kumi. Ni njia nzuri, maseremala wengi wanaifuata. Ubaya wake ni mmoja tu: siku ukisahau kujumlisha, ubao unapungua sentimita kumi kamili. Si tisa, si kumi na moja. Mdogo wake hakuwahi kupima hivyo, yeye alitumia ile rula ya kukunja ya baba yao, inayoanzia mwanzo. Miaka thelathini na moja watu wazima wenye akili zao walizicheka sentimita kumi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini kumi.

Kipimo alikaa chini, juu ya maranda. Kichwani mwake ile sentensi ikaja yenyewe bila kuitwa: nilikuwa nje, nanoa patasi. Haikuja peke yake, ilikuja na picha. Aliliona jiwe la kunolea, akaliona kopo la maji pembeni yake, akalisikia jua shingoni. Alijaribu kukumbuka kupiga ule mstari, na hakuna kilichokuja. Hapo ndipo alipoogopa. Mtu anayedanganya anajua anadanganya, walau anajua pa kukwepa. Yeye hakuwa na pa kukwepa. Mwandiko ulisema alikuwepo, na kumbukumbu ikaapa hakuwepo, tena ikaapa kwa jua na maji.

Lakini kitu kimoja alikikumbuka. Alikumbuka wiki za mwanzo baada ya mdogo wake kuondoka, amebaki na mzee peke yao karakanani, hawaongei. Alikuwa akipiga randa kutwa nzima. Na kila randa ilipokwenda mbele, alijisemea moyoni: nilikuwa nje. Iliporudi: nanoa patasi. Mbele, nilikuwa nje. Nyuma, nanoa patasi. Ubao baada ya ubao, wiki baada ya wiki, mpaka siku moja aligundua kwamba tumbo halimkati tena akikaa na mzee kula. Alidhani amepoa. Kumbe alikuwa amejifunza. Jiwe na kopo na jua aliviongeza baadaye, kama Kumi alivyoongeza ncha ya penseli.

Aliitazama tena rafu, safari hii aliangalia ukingo. Mstari wa penseli ulikuwa umebaki nusu yake, nusu nyingine imeliwa na msumeno. Na nusu hiyo ilikwenda hivyo hivyo kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, haikuzidi, haikupungua, haikuyumba. Kwa msumeno wa mkono, kwenye mti mgumu kama ule. Kipimo alikuwa na miaka zaidi ya thelathini katika kazi na angeweza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja mara alizofanikiwa kuiacha nusu ya mstari namna ile. Mtu aliyeambiwa hana mkono ndiye aliyeukata. Aliukata vizuri ajabu, penye mstari wa mtu mwingine.

Uso umeumbwa na haya, wanasema wahenga. Wa Kipimo uliwaka mpaka masikio, na hakukuwa na mtu wa kumwona ila mashine ya kupasulia mbao.

Akainuka, akashika randa, kwa sababu mikono ilitaka kitu. Wazo jipya likaja. Rafu hii nani aliipigilia? Baba. Uso wenye alama nani aliugeuza chini? Baba. Kwa hiyo mzee aliuona mshale, akanyamaza, maana neno lilishamtoka na mtoto alishaondoka. Baba alijua. Randa ikaenda mbele: baba alijua. Ikarudi: kosa ni la baba. Mbele, baba alijua. Lilikuwa wazo zuri, jepesi, na pengine ni la kweli, nani ajuaye. Alipiga ubao mzima hivyo. Alipofika mwisho akasikia tumbo linaanza kutulia, akaitupa ile randa chini kama imemng'ata.

Mchana alimweleza mkewe. Alieleza vibaya, kwa kuzunguka, akianza na mchwa. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Alama ni yangu."

"Sikukuuliza alama."

"Ni mimi."

Mkewe akakunja kitambaa cha meza mara nne, akakikunjua. "Baba yangu alikukubali kwa habari hiyo, unajua? Alisema, kijana asiyekosea kipimo hatamkosea mwanangu." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Jumapili tunakwenda kwa mama. Utasema mbele ya wote. Na rafu uichukue."

"Nitasema."

Jumapili ikafika, na alisema. Lakini rafu aliiacha karakanani. Alijiambia kwamba haijakauka dawa ya mchwa, kwamba itachafua nguo, kwamba neno la mtu mzima linatosha. Alijiambia mengi. Alikuwa na kipaji cha kujiambia.

Nyumbani kwa mama walikuwepo wote, watu wazima kwenye viti, watoto chini. Chai ilikuwa imemiminwa. Kumi alikuwa ameanza onyesho lake, amejishika kiuno, amekunja uso, na mtoto wa mwisho tayari anacheka kabla ya wakati. Kipimo akasimama.

"Ngoja," akasema. "Lile kosa halikuwa la mdogo wangu. Mstari niliupiga mimi."

Mama, ambaye masikio yake yalikuwa yanachagua siku za kufanya kazi, akauliza amesema nini. Mtu akamrudia sikioni.

Kisha shangazi yao akapiga makofi. "Haya, mmemwona?" akasema. "Mmeuona ukubwa? Mtu mzima yuko radhi ajichafue yeye mdogo wake asichekwe!"

"Si hivyo, shangazi. Nasema kweli."

"Ndivyo wanavyosema wenye moyo."

"Mwanangu ana huruma tangu mdogo," mama akasema, na macho yake yakalowa. "Hata chakula alikuwa anamwachia mwenzake."

Vijana wakaanza kunong'ona kwa heshima. Baba mkubwa, jamani. Kipimo alitazama huku na huku akiwa amevikwa kilemba cha ukoka na watu thelathini kwa mkupuo. Akamgeukia mdogo wake. Kumi alikuwa anatabasamu, lakini jicho limemganda kidogo, kama mtu aliyekatishwa wimbo.

"Kaka," Kumi akasema, "mwaka huu unataka kuninyang'anya hata kosa langu? Nibaki na nini?"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Na Kipimo, nitasema kama ilivyokuwa, alicheka nao. Alikaa chini, akapokea kikombe, akasikia kifuani kitu kinalegea, kitamu, kama mtu aliyefika mlangoni kwa daktari akakuta pamefungwa. Nimeshasema, akajiambia. Nimeshasema, hawakutaka kusikia, ningefanya nini? Aliinua macho. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, anamtazama.

Njiani kurudi, walipokaribia kwao, mkewe akauliza:

"Rafu iko wapi?"

"Nzito."

"Mtu anayebeba milango peke yake," mkewe akasema, "kashindwa na rafu." Kesho yake asubuhi mteja alikuja kuulizia meza, Kipimo akaanza kwa mazoea, "Tangu nianze kazi hii," na jikoni hakukutoka sauti yoyote ya kumalizia. Ilibidi aiache sentensi pale pale ilipokuwa. Mteja alidhani amesahau alichotaka kusema.

Mchana wa siku hiyo aliifunga rafu kwenye shuka kuukuu, akaiweka kwapani, akaenda hospitalini.

Kumi alimkuta kwenye korido ndefu, kwenye benchi la wanaosubiri. Mdogo wake alikuwa amevaa sare ya rangi ya majani, iliyofuliwa mpaka imepauka magotini.

"Kaka! Mama ana nini?"

"Mama mzima. Kaa."

Kumi akakaa. Kipimo akaifungua shuka, akamwekea ubao magotini, upande wa chini ukiwa juu.

Kumi aliutazama mshale. Hakuuliza ni wa nani. Alisoma tarakimu, akarudi kwenye mshale, kisha kidole gumba chake kikaenda kwenye ukingo na kuanza kutembea taratibu, kutoka mwanzo wa mstari kwenda mwisho. Wagonjwa walipita mbele yao. Kidole kilifika mwisho kikarudi.

"Hapa nilikata mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Nusu ya mstari."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Wote."

"Wote. Mimi siwezi kukata hivyo. Sijawahi."

Kumi akatikisa kichwa, si kwa kukataa. "Nakumbuka nikiupiga huu mstari," akasema. "Ncha ya penseli ilikatika. Naisikia hata sasa ilivyolia. Nilikuwa nawaza mechi."

"Hukuupiga."

"Naona. Sikwambii kwamba niliupiga. Nakwambia nakumbuka." Kidole gumba kikarudi kwenye mshale. "Siku ile ulipomwambia baba mstari ni wangu, nilikutazama. Unakumbuka?"

Kipimo alitafuta. "Sikumbuki."

"Nilikutazama. Nikasema moyoni, huyu kaka yangu, hawezi kunisingizia. Kwa hiyo mmoja kati yetu kichwa chake kimekosea. Ama wewe ni mwongo, ama mimi nimesahau. Nilikuwa na dakika moja ya kuchagua, baba kasimama pale. Nikachagua kusahau." Akacheka kwa pua. "Ilikuwa rahisi kuliko kukosa kaka."

Kipimo hakuwa na pa kuuweka uso wake. Akauweka kwenye sakafu, pale palipokuwa na alama za magurudumu ya vitanda, nyingi, zote zimefuatana.

"Kitanda cha mtoto wangu wa kwanza nilinunua," Kumi akaendelea, kwa sauti ile ile ya kuongea habari za kawaida. "Mtoto wa seremala. Kiti kikilegea mguu nyumbani, mke wangu anamwita jirani, na mimi nasimama pembeni namshikia misumari. Namtania jirani, nasema usinipe nyundo, nitaangusha nyumba. Jirani anacheka. Nami nacheka. Sikuwa nasikia uchungu, kaka, usidhani. Ukishajua wewe ni nani, huumii."

"Nisamehe," Kipimo akasema. "Nitawaita wote tena. Nitawaonyesha ubao. Njoo karakanani, ni yako pia, ungekuwa nayo wewe. Nisamehe."

Kumi alifikiri. Mtu angeweza kuona anafikiri kwa kweli, si kwa kumtesa mwenzake.

"Nikusamehe vipi?" akasema mwishowe. "Unayemtafuta alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa na mkono. Mimi simjui huyo. Kila siku nimemwambia hana, hana, hana, mpaka akaondoka. Ningemjua ningekuitia."

"Kumi!" Muuguzi aliita kutoka mwisho wa korido. "Kitanda cha sita kinakwenda picha!"

"Naam, nakuja!" Aliitika papo hapo, kwa mdomo uliozoea. Akainuka, akaikunja shuka juu ya ubao vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia kaka yake. "Lirudishe kabati la mama. Nguo zake haziwezi kukaa kwenye shuka wiki nzima." Akaenda.

Kipimo alibaki pale. Baada ya muda kidogo bibi mmoja mwenye mguu uliofungwa alikuja na gongo lake, akakaa upande wa pili wa benchi, akauweka mkoba wake katikati yao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Mlango wa wodi ukafunguka na kitanda kikatoka, Kumi nyuma yake. Mlango wa pili, ule wa chumba cha picha, ulikuwa mwembamba, umejengwa na mtu asiyewahi kukiona kitanda. Kila upande ilibaki nafasi ya kidole. Kumi hakupunguza mwendo, wala hakutazama magurudumu. Alikuwa ameinama kidogo anaongea na mgonjwa, na kitanda kikapita katikati bila kugusa kulia wala kushoto, mgonjwa hata hakujua kwamba palikuwa na mlango. Kipimo aliona. Macho yake yalikuwa ya seremala, yasingeweza kutoona.

"Yule," bibi akasema, akionyesha kwa kidevu. "Jana kanipitisha pale na mguu wangu huu, na wenzake juzi walinibamiza nikaona nyota. Yule ana mkono, mwanangu. Wengine wanasukuma tu." Akamtazama. "Nilikuona unaongea naye. Ni ndugu yako?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Mshukuruni Mungu basi. Mkono kama ule haufundishwi."

Kipimo alitaka kusema ndiyo. Alitaka kusema kweli, bibi, na kuliacha lipite, na aliisikia ile raha ya Jumapili inajiandaa kumlegeza kifua. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, juu ya ubao.

"Mimi ndiye niliyesema hana," akasema. "Nilikosea mimi, nikamwekea yeye. Akafukuzwa kazi. Alikuwa na miaka kumi na tisa."

Alisubiri bibi ampe sifa. Alisubiri aambiwe ana moyo, ana ukubwa, kwamba kosa moja haliachi mke. Bibi alimtazama kutoka viatuni hadi usoni, polepole, kama mtu anayesoma barua. Hakuuliza kama ni kweli. Aliunyanyua mkoba wake uliokuwa katikati yao, akauhamishia upande wake wa pili, mbali na Kipimo.